Hodi Tatu kwa Modemu

Mama watoto amenipa notisi. Stoo, anasema, ni ya unga na mkaa, si makumbusho ya taifa. Jumapili ikifika kile kidude chenye taa kikiwa bado kimo humo, atakitoa kwa mikono yake, na mimi nikileta maneno nitakifuata.

Kidude chenyewe ni modemu. Modemu ya zama zile, ya kupiga simu ili kompyuta iingie intaneti, taa nane usoni na tundu la pini 25 kisogoni. Mwaka 1999 ilikuwa inakaa juu ya meza ya ofisi yetu imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ametoka kula mihogo. Ofisi ilipokufa tukagawana mali. Wengine wakachukua viti, wenye akili wakachukua feni. Mimi nikachukua modemu.

Basi Jumamosi akapita kijana wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Mama watoto alikuwa kwenye vikoba, nikaona nimalize kesi kabla hajarudi. Kijana akaipokea, akaigeuza, akaitingisha sikioni kama nazi.

"Mzee, hii plastiki tupu. Jero."

Jero! Nazi yenyewe huipati kwa jero.

"Kijana, hii ni nzima."

"Nzima inafanya nini?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nimwambie inapiga simu? Simu anayo mfukoni. Inaingia intaneti? Yeye yumo humo tangu alfajiri, hajatoka hata kunywa chai. Nikamwambia asubiri kidogo nimwonyeshe. Akaegesha mkokoteni chini ya mwembe. Hiyo "kidogo" ilitufikisha saa kumi jioni.

Tuanze na umeme. Modemu yangu inataka volti 9 za AC, umeme wa kwenda na kurudi, na adapta zote zilizomo humu ndani, za redio, za king'amuzi, za taa ya dharura, ni DC, umeme wa njia moja. Ya kwake niliikuta chini kabisa ya sanduku la waya, imejinyonga na taa za Krismasi. Nikachomeka, taa ya MR ikawaka. MR maana yake modemu iko tayari. Tayari kwa nini, haijasema.

Nikaivuta na kompyuta ya mezani, ile ya Windows 98, nayo ina notisi yake ya peke yake. Ikaamka kwa kuunguruma kama mashine ya kusaga. Nikafungua HyperTerminal, programu ya kuongea na modemu, nikachagua COM1, yaani tundu ilikochomekwa, kasi 9600, nikaandika AT, nikabonyeza Enter.

Kimya.

Hapa niwaeleze vijana. Modemu haikuwa na vitufe vya picha vya kugusa. Ulikuwa unaiandikia barua, nayo inakujibu. Lugha hiyo ilianzia Marekani mwaka 1981, kampuni ya Hayes ilipotoa Smartmodem yake yenye mwendo wa biti 300 kwa sekunde, yaani herufi kama 30, mtu msomaji anakwenda nayo sambamba bila kukimbia. Watengenezaji wengine wengi wakaiga amri zake. Karibu kila amri inaanza na AT, ambayo ni kumshtua mtu akae chonjo, ni "oyaa" ya modemu. Na ina adabu zake: AT inakubali, at inakubali, lakini ukiandika At kama mwalimu wa darasa la pili alivyokufundisha, herufi kubwa mwanzo wa sentensi, inakununia. Kwa herufi hizo mbili ndipo inapopima hata kasi unayoongea nayo.

Nikaandika AT, AT, AT. Hakuna. Nikazima, nikawasha. Nikapuliza pini. Nikaomba dua fupi. Kijana kule chini ya mwembe ameshanunua muwa, anatafuna huku ananitazama kwa huruma.

Saa nzima ikapita ndipo nikakumbuka kwamba waya niliounganishia ni wa kuvuka. Waya wa kuvuka ni wa kuunganisha kompyuta mbili, mdomo wa hii unaingia kwenye sikio la ile. Kompyuta na modemu zinataka waya wa kunyooka, maana modemu imeshageuziwa masikio yake kiwandani. Ukiweka wa kuvuka hapo inakuwa mdomo kwa mdomo, sikio kwa sikio. Hata ndoa zinavunjika hivyo. Kwa nje waya hizo mbili zimefanana kama mapacha, rangi moja, unene mmoja, na mtu aliyeona hakuna haja ya kuandika kikaratasi akaugundisha mwaka ule ni mimi.

Nikabadilisha. Nikaandika AT. Skrini haikuonyesha herufi hata moja, kisha likatokea neno peke yake, kama sauti ya mtu gizani: OK.

Nilipiga kofi la furaha. Herufi zangu hazionekani kwa sababu mtu aliiambia ATE0, isirudishe ninachoandika. Nikaandika kwa kupapasa ATE1. OK. Nikaandika AT&F, irudi ilivyotoka kiwandani, isahau machungu yote ya ile ofisi. OK. Nikaandika AT&W, ihifadhi hayo. OK.

"Umeona?" nikamwita kijana. "Inajibu!"

Akaja na muwa wake, akasoma. "Imesema OK. Kwa hiyo?"

Kwa hiyo hakuna, mwanangu, na hapo ndipo modemu iliponizeesha. OK ya AT tupu haina maana kwamba imefanya kitu. Maana yake imesikia. Nina fundi cherehani hapa mtaani, nilimpeleka suruali kabla ya Ramadhani, kila nikipita dirishani kwake ananiambia "poa, mzee wangu". Nina mwanangu wa mwisho, ukimwambia aoshe vyombo anajibu "sawa, baba" mpaka vyombo vinaota ukungu. Watu wananiuliza kwa nini sikasiriki. Nitakasirikaje? Nimelelewa na modemu. Yenyewe angalau ikikosa kuelewa inasema ERROR waziwazi, haikwambii "njoo Ijumaa".

Kijana akataka kuona inapiga simu. Nikaandika ATDT na namba yangu ya mkononi. Ikafikiri kidogo, ikajibu NO DIALTONE, yaani haisikii mlio wa laini. Kweli tupu. Nyumba hii haina simu ya mezani. Ule waya ulichukuliwa na watu waliokuwa wanauhitaji zaidi yetu, usiku, bila kuaga.

Jibu hilo tulilipata sana hata zamani, waya ukiwepo. Modemu ilizaliwa ugenini, ikisikia mlio wa simu wa huku inauona si mlio. Dawa yake ATX3, yaani piga tu, usingoje mlio. Na simu nyingine zilikuwa hazijui mlio wa vitufe, unaweka ATDP badala ya ATDT, inapiga kwa mapigo, tok-tok-tok kama kigogota mtini. Sifuri peke yake ni mapigo kumi. Ukishaunganishwa, mwendo ni biti 33,600 kwa sekunde siku ikiwa nzuri, picha ya kilobaiti 300 inachukua dakika moja na chenji, inashuka kutoka juu kama pazia. Umeshaona nywele, umeshaona paji la uso, unangoja macho, katibu muhtasi chumba cha pili ananyanyua simu ampigie shoga yake, laini inakatika. NO CARRIER. Nina watu siwajui sura mpaka leo, nawajua mapaji.

Hukohuko ofisini ndiko nilikojifunza ATM0, ya kuziba spika. Bosi akisikia ile kelele ya modemu alikuwa anakuja na saa mkononi kuhesabu dakika za bili. Ukishaziba spika unaunganishwa kimyakimya, unakaa umesimamisha kalamu kama mtu wa hesabu.

Nayasimulia hayo, kijana akatema ganda la muwa, akasema, "Mbona kama hicho ninacho?"

Akaenda kwenye mkokoteni. Akatoa ringi ya baiskeli, akatoa feni isiyo na panga, akatoa sufuria lililotoboka, na chini yake modemu. Nyeusi, waya wake wa pini 25 umezungushwa mwilini, adapta imefungwa humohumo kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Niliipokea kwa mikono miwili kama ninapewa mtoto.

Nikampigia mpwa wangu aje na kompyuta yake mpakato na ule waya wa USB wenye pini 9. Yeye anasoma chuo, mambo ya umeme. Alipoona skrini akacheka. "Mjomba, hizi si ndizo zilezile?" Kumbe kwenye mradi wao wana kibao kidogo cha elektroniki chenye laini ya simu, nacho wanakiandikia AT. Wakitaka kujua mtandao unashika vipi wanaandika AT+CSQ, kinawajibu namba, 0 mpaka 31, na kikiwa hakijui kinasema 99. Nikajiona nimefufuka. Lugha yangu inasomeshwa chuoni, na mimi ninapewa notisi ya stoo!

Tukaziunganisha modemu mbili uso kwa uso kwa kipande cha waya wa simu cha mita moja. Modemu nyingine hazikubali mpaka zione umeme wa laini, ile volti 48 ya kwenye nguzo. Hizi hazikudai. Kwangu nikaandika ATL3, spika juu, kisha ATX3D. Mpwa upande wa pili akaandika ATA, yaani pokea.

Ikaanza ile kelele. Kwanza filimbi, halafu bata anasukutua, halafu mchanga unamwagwa kwenye bati, halafu kishindo cha mvua. Kuku walikimbia. Jirani akachungulia ukutani kuuliza kama tunachinja. Kisha kimya, taa ya CD, ya kuonyesha zimeshikana, ikawaka kote kuwili, na skrini zikaandika CONNECT 31200.

Boksi la ile yangu limeandikwa 56K, na kijana aliliona akaniambia nimeibiwa. Sikuibiwa. 56K unaipata pale upande wa pili ukiwa mitambo ya kidijitali ya kampuni ya intaneti. Modemu mbili za kawaida zikikutana mwisho wao 33,600. Hakunielewa, ila alishaketi kwenye ile mpakato, muwa kaweka chini, anaandika kwa kidole kimoja. Kwangu zikawa zinatokea, herufi moja moja: *mzee inafanya*

Kukata ndiko kulikomshinda. Nilimwambia weka jumlisha tatu kisha ATH. Akaandika +++ATH kwa pupa, ikaja yote kwenye skrini yangu kama maneno ya kawaida, na laini iko palepale. Jumlisha tatu ni hodi tatu, nikamwambia. Unanyamaza sekunde moja, unapiga hodi zako tatu, unanyamaza tena sekunde moja, ndipo mwenye nyumba anaitika OK. Huwezi kupiga hodi huku umeshaingia jikoni. Hayes walikuwa na hataza, yaani haki ya ugunduzi, ya kule kunyamaza, na kuna kampuni zilizokwepa kuilipia zikauza modemu zisizongoja. Watukutu wa miaka ya 1990 wakagundua. Wanakutumia mtandaoni pakiti, kifurushi cha data, yenye +++ATH0, kompyuta yako kwa uungwana wake inairudisha kama ilivyoipokea, modemu inadhani ni wewe unayeongea, inajikatia simu yenyewe.

Safari hii akangoja. Hodi tatu. OK. ATH. OK. Kwangu ikaandika NO CARRIER.

Kijana akasimama, akaifuta modemu yake vumbi kwa fulana, akaibeba kwapani. Nikamwambia si lazima aibebe, nitamtoa kwenye uzito, nampa jero.

"Mzee, hii ni nzima," akasema. "Elfu kumi."

"Nzima inafanya nini?"

"Inaongea na yako."

Tukavutana mpaka elfu saba. Mpwa alikuwa shahidi, akaondoka na mia tano ya kunyamaza. Mpaka mama watoto anafika getini nilikuwa nimeshazipanga zote mbili nyuma ya gunia la mkaa, mgongo kwa mgongo, na kitambaa cha kufuma juu yake.

"Kile kidude," akasema hata kikapu hajakitua, "nilisema kitolewe. Umenisikia?"

"OK," nikamjibu.