Kifundo kilichoteguka: mguu ulale au ukanyage?

Mtu akiteguka kifundo cha mguu, ushauri hufika kabla ya uvimbe. Huyu anasema barafu, yule anasema akandwe kwa maji ya moto yenye chumvi, mwingine anataka kuuvuta mguu "urudi mahali pake". Wataalamu nao hawajakubaliana. Utaratibu wa kupumzisha mguu, kuuwekea barafu, kuufunga bendeji na kuuinua ulienezwa na daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, mwaka 1978. Mwaka 2014 Mirkin huyohuyo aliandika kwamba barafu na pumziko kamili huenda vinachelewesha kupona.

Hoja ya wanaoipinga barafu ni kwamba uvimbe ni sehemu ya ukarabati: damu huleta seli za kusafisha mabaki na kuanza kujenga upya, kwa hiyo ukiibana mishipa unawafungia mafundi mlango. Hoja ina uzito, ila inavutwa kupita kiasi. Sehemu kubwa ya ushahidi wake imetoka kwenye misuli ya panya, si kwenye kano (nyuzi zinazoshikanisha mifupa) za kifundo cha binadamu. Barafu inapunguza maumivu kwa muda, na asiyeumia sana huanza kukanyaga mapema. Kwa hiyo itumieni kama dawa ya maumivu tu: ifungwe kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, mara chache kwa siku katika siku mbili za mwanzo. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asiweke barafu wala maji ya moto, maana ataungua bila kujua.

Maji ya moto siku ya kwanza hupanua mishipa na kuongeza uvimbe. Yasubiri mpaka uvimbe ushuke na mguu ubaki na ukakamavu tu. Kuchua kwa nguvu na kuvuta ni hatari zaidi, kwa sababu hakuna aliyehakikisha kwamba mfupa haujavunjika.

Hapo ndipo wanaotetea pumziko wana haki yao. Kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992 zinasaidia kujua nani anahitaji eksirei. Bonyeza mfupa, si nyama: ukingo wa nyuma (sentimita 6 za mwisho za mfupa) na ncha ya kifundo, nje na ndani, mfupa unaotokeza katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na ule wa ndani, juu ya upinde wa mguu. Mfupa ukiuma hapo, au mtu akishindwa kupiga hatua 4 alipoumia na tena mbele ya mhudumu, apigwe picha. Tena, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009 kwa watu walioteguka vibaya ulionyesha kuwa plasta ngumu (P.O.P.) ya chini ya goti kwa siku 10 iliwaletea nafuu ya haraka kuliko soksi ya kubana, ingawa baada ya miezi 9 tofauti ilikuwa imekwisha.

Lakini siku 10 za plasta si wiki 6 za kulala. Kwa mguu ulioteguka kwa wastani, kulala nao ndiko kunakouharibu: msuli wa muundi hunyauka na kifundo hukakamaa. Kuanzia siku ya pili, pandisha na shusha unyayo mara 10 hadi 15 kila saa ukiwa macho. Tembea kwa kutanguliza kisigino, ukiwa na gongo moja upande wa mguu MZIMA. Wengi hulishika upande ulioumia na kuishia kuchechemea. Maumivu ya 3 kati ya 10 yanavumilika. Uvimbe ukiongezeka kesho yake asubuhi, punguza mazoezi kwa nusu.

Dawa za kuzuia uvimbe zina sura mbili vilevile. Kuruta wa jeshi la Australia waliopewa piroksikamu, mojawapo ya dawa hizo, katika utafiti wa mwaka 1997, walirudi mazoezini mapema, lakini zilionekana dalili kwamba vifundo vyao vilikuwa vimelegea zaidi. Kwa siku za mwanzo parasetamoli inatosha wengi, na inawafaa zaidi wenye vidonda vya tumbo.

Kosa kubwa huja maumivu yakiisha. Kano iliyochanika hupoteza sehemu ya uwezo wa kuuambia ubongo mguu umekaa vipi, na ndiyo maana watu huteguka palepale tena. Kwa hiyo simama kwa mguu mmoja sekunde 30, kisha fumba macho, kisha fanya hivyo juu ya mto uliokunjwa. Inua visigino mara 15, seti 3, kwanza kwa miguu yote miwili, baadaye kwa mmoja. Endelea hivyo kwa wiki 6 hata kama hauumi. Anayerudi uwanjani afunge kifundo kwa plasta ya michezo au kinga ya kifundo inayokazwa kwa kamba, kwa msimu mzima, na asicheze mechi kabla hajaweza kuruka kwa mguu huo mmoja na kukata kona kwa kasi bila kusita. Baada ya wiki hizo 6, mguu ukiendelea kukukwepa unaposhuka ngazi, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo).