Mafuriko ya Nyando yanasomewa Ulaya?

Kwenye harambee moja huko Ahero, kando ya Mto Nyando kaunti ya Kisumu nchini Kenya, ya kumchangia binti aliyelipiwa karo ya uzamili wa misaada ya kibinadamu nchini Uingereza lakini hana nauli, mzee aliyeketi kando yangu alininong'onezea: "Sasa kijana, mafuriko ya Nyando yanasomewa Ulaya?" Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mzee ana hoja. Chuo Kikuu cha Maseno hakiko mbali, na mto wenyewe tunao. Isitoshe, Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, Julai shirika lake la misaada, USAID, likafungwa, na vijana wa Kisumu waliozoea mishahara ya miradi ya UKIMWI wakajikuta mtaani. Kusomea kazi ambayo mfadhili anaweza kuizima kwa saini moja kunahitaji moyo.

Lakini mimi hunikera jambo la Busia, kaunti ya magharibi mwa Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, shule 75 za msingi za Funyula na Budalang'i zilitumika kupima kama dawa za minyoo zingepunguza utoro wa watoto shuleni. Michael Kremer, Mmarekani aliyewahi kufundisha Kakamega akiwa kijana, alikuwa mmoja wa watafiti wawili walioandika matokeo hayo. Mwaka 2019 alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Nobel ya uchumi. Baadaye ikaja Siaya: familia 10,500 hivi zikapewa takriban dola 1,000 kila moja, na watafiti wakakadiria kwamba kila dola ilizaa karibu dola mbili na nusu katika uchumi wa pale. Kazi nzuri, sibishi. Ila tujiulize: katika tafiti za aina hii, nani hubisha hodi na dodoso mkononi kumuuliza mama ana kuku wangapi? Vijana wetu. Na nani huamua kwamba kuku ndio wahesabiwe?

Mtoto wa Budalang'i aliyewahi kulala kambini maji yakiwa yamemeza nyumba yao angeanza na swali jingine: kwa nini watu hurudi palepale mto ukitulia? Jibu analijua tangu utotoni. Makaburi ya wazazi yako pale, na tope la Mto Nzoia huzaa mahindi. Lakini ili alitamke mezani bajeti inapogawanywa, ataulizwa kwanza cheti. Si haki, ndivyo mlango ulivyochongwa.

Wanaodai kwamba vijana wakienda kusoma nje hawarudi wasome masharti ya Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza: saa 2,800 za kazi kabla ya kuomba, kisha kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. (Miaka miwili ni michache, najua. Kuna miradi isiyomaliza hata hiyo.)

Baba akiniuliza kama auze shamba ili mwanawe akasomee misaada, nitamkataza. Huyu wa Ahero alikuwa amebakiza nauli na koti la baridi. Nilitoa elfu moja. Mzee akatoa mia mbili, bado akinung'unika.