Kabla Hamjamfukuza Dalali, Leteni Mizani

Kila msimu wa mavuno unapofika, kauli ni ileile: dalali ndiye anayemnyonya mkulima, mwondoeni, mkulima auze moja kwa moja kiwandani, bei itapanda. Husemwa majukwaani, huingizwa kwenye mipango ya maendeleo, na hupigiwa makofi. Mimi inanikera, kwa sababu wanaoisema hawalifikii swali linalofuata. Dalali akishaondoka, kazi aliyokuwa akiifanya itafanywa na nani, na kwa gharama ya nani?

Maana kazi ipo. Kati ya shamba na kinu anahitajika mtu anayewajua wenye mzigo na anayejua mzigo wa nani umekauka. Kuna kukagua, kupima, kuvutana bei, kutafuta magunia, makuli na gari, kulipa taslimu mahali ambapo benki iko mbali, na kufuatilia deni malipo yanapochelewa. Juu ya yote kuna hofu: muuzaji anahofia mizani, mnunuzi anahofia kilichomo katikati ya gunia. Zote hizo ni gharama za muamala. Mchumi Ronald Coase alilisema hilo mwaka 1937, kwamba kulitumia soko kwenyewe kunagharimu. Ukimwondoa mtu, gharama haziondoki naye. Zinamhamia mwingine, na mara nyingi anayezibeba ni mwenye mzigo mdogo, yuleyule mliyetaka kumsaidia.

Tazama ukaguzi peke yake. Utaratibu uliozoeleka wa kuchukua sampuli za nafaka iliyo kwenye magunia ni huu: shehena isiyozidi magunia 10, bambo, yaani chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia na kutoa sampuli, linaingia kila gunia, kuanzia 10 hadi 100, yanachomwa magunia 10 yaliyookotwa bila kuchagua, yakizidi hapo, yanachomwa magunia yanayokaribia kipeuo cha pili cha idadi yote. Kwa magunia 300 hayo ni kama 18. Mwenye magunia 3 anachomwa yote 3. Kisha jina liandikwe, malipo yatumwe, gari ligeuzwe, na kazi hiyo haipungui kwa sababu mzigo ni mdogo. Ndiyo maana kiwanda hakimtaki mkulima mmoja mmoja, na hotuba haitakibadilisha. Anayezunguka kukusanya magunia matatu matatu mpaka yafike 300 anauza huduma ya kweli, hata kama hatumpendi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni upimaji. Hapa ndipo fedha ya mkulima inapopotelea, na hapa ndipo wapanga sera wanapopita haraka kwenda kufungua mradi mwingine.

Chukua tani moja ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 18. Ndani yake mna kilo 820 za mahindi makavu kabisa na kilo 180 za maji. Yaanike mpaka yafike asilimia 13.5, kiwango kinachokubalika kwa kuhifadhi, utabaki na kilo 948 hivi. Kilo 52 zimekwenda hewani. Mkulima aliyezikausha amegharamika: ametafuta turubai, ameshinda akigeuza nafaka, ameianua mbio mawingu yalipotanda. Anafika sokoni anamkuta mnunuzi asiye na kipima unyevu. Huyo anauma punje mbili tatu, anazamisha mkono guniani, kisha anawapa wote bei moja, bei ya mzigo anaoudhania una maji. Aliyekausha vizuri amepoteza kilo 52 katika kila tani na hakuongezewa hata senti. Msimu ujao atafanya ambalo mtu yeyote mwenye hesabu angefanya, atauza mabichi. Mnunuzi naye, akishakutana na mabichi mengi, atashusha bei tena. Mchumi George Akerlof alieleza mwenendo wa namna hii mwaka 1970 akitumia magari yaliyotumika, akatunukiwa Nobel mwaka 2001. Uchumi wa dunia umelijua tatizo hili kwa zaidi ya nusu karne, na bado kuna masoko makubwa ya nafaka yasiyo na kipima unyevu hata kimoja ambacho muuzaji anaruhusiwa kukigusa.

Na hasara haiishii kwenye uzito. Nafaka iliyofungwa ikiwa na maji inaota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu, ambayo jicho haliioni. Punje chache zinaweza kubeba sumu ya gunia zima, kwa hiyo bambo likichoma mahali pamoja linaweza kuikosa kabisa. Viwango navyo havifanani: Afrika Mashariki kikomo cha jumla ya aflatoksini, aina mojawapo ya sumukuvu hizo, kwenye mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, Marekani ni 20. Shehena moja inaweza kupita mlango huu na kugeuzwa mlango ule, na nauli ya kurudi ina mwenyewe.

Kipimo cha kwanza cha unyevu hakihitaji mfadhili. Tafuta chupa ya kioo ya mililita 750 hivi, kavu, yenye kifuniko. Jaza nafaka mpaka theluthi ya chupa, tia vijiko vikubwa 2 au 3 vya chumvi iliyoanikwa ikakauka, funga, tikisa kwa dakika 1, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15. Isiponata, uko chini ya hapo. Wanaokosea hukosea mara nyingi kwa mambo mawili. Chumvi yenyewe inakuwa na unyevu, hivyo inanata hata kwenye nafaka kavu. Au nafaka inachotwa juu ya gunia palipopigwa na jua, ikaficha hali ya katikati. Chupa haitakwambia kama uko 13 au 14.5, kwa hiyo haifai kupangia bei. Inafaa kwa uamuzi wa nyumbani: nipakie leo au nianike tena.

Kwa bei kinatakiwa kipima unyevu chenyewe, na nacho kinadanganya kisipotunzwa. Kikiwa kimerekebishwa kupima zao lingine, tarakimu zote ni batili. Nafaka iliyotoka juani moto moto iache ipoe kivulini kabla ya kupimwa. Betri ikichoka, tarakimu zinayumba. Pima mara 3 kutoka sehemu tofauti za mzigo uchukue wastani, na mwanzoni mwa msimu kilinganishe na kifaa kilichohakikiwa. Soko likinunua kifaa na kukisahau kabatini miaka mitatu bila kukihakiki, limenunua ugomvi.

Mizani nayo ni vivyo hivyo. Ile ya kuning'iniza isomeke sifuri ndoano ikiwa tupu, na gunia lisiguse chini wala mguu wa mtu. Ile ya kukanyagia isimame kwenye sakafu iliyo sawa, na ukiliweka gunia pembeni badala ya katikati isibadilike. Kuijaribu ni rahisi: lita 20 za maji zilizopimwa barabara zina uzito wa kilo 20, ukishatoa uzito wa chombo. Lakini msiridhike na chombo kimoja, kwa sababu mizani inaweza kuwa sahihi kwenye kilo 20 na kupotoka kwenye 90, huko ambako biashara inafanyika. Pandisheni vyombo vinne pamoja. Kisha angalieni makato ya gunia. Gunia la juti au katani linaweza kukaribia kilo nzima. Salfeti tupu haifiki hata robo kilo. Anayekata kilo 1 kwa kila salfeti anachukua zaidi ya robo tatu ya kilo isiyo yake katika kila gunia, mchana kweupe, na hakuna anayemwuliza kwa kuwa imeshakuwa mazoea.

Kuhusu kuuza kwa ujazo, nitasema kidogo tu. Chombo cha lita 20 kilichojazwa mahindi makavu na kusawazishwa kwa ubao kina kilo 14 na nusu hivi. Kitikise, nafaka inashuka na nafasi inaongezeka. Weka kilima juu, uzito sasa unategemea mkono wa anayejaza. Lumbesa, gunia linalojazwa kupita mdomo wake, ni mchezo huohuo kwenye gunia zima. Kipimo kisichotoa jibu lilelile mara mbili hakistahili kuitwa kipimo.

Wapo watakaosema simu imekwisha kutatua haya, mkulima anapata bei za masoko yote kiganjani. Nakubali kwa sehemu. Simu za mkononi zilipoingia kwenye pwani ya Kerala, India, kati ya mwaka 1997 na 2001, tofauti za bei za samaki kati ya soko na soko zilipungua sana, samaki wa kutupwa wakaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 hivi na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Matokeo hayo ni makubwa. Lakini hukohuko India, jimboni Maharashtra, wakulima katika jaribio la vijiji 100 walitumiwa taarifa za bei kwa ujumbe mfupi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 hayakuonyesha kwamba walipata bei bora kuliko wenzao wasiotumiwa. Ninavyoona mimi, mvuvi akiwa bado majini na injini inanguruma anaweza kugeuza mtumbwi, na samaki wake anatazamwa akajulikana. Mkulima anayeijua bei ya mbali lakini hawezi kumthibitishia mnunuzi wa huko kilichomo guniani ana habari tu, na habari hiyo haimwongezei kitu.

Halafu kuna lile la mzigo kushushwa. Mkishapatana bei kwa simu, mkulima akakodi gari akafika, mnunuzi anatoboa gunia moja na kusema ubora haufai, bei inashuka. Hapo mkulima ana njia mbili: kukubali, au kulipa nauli ya kurudi na kulaza mzigo. Mnunuzi anaijua nauli hiyo kama anavyolijua jina lake, na atashusha bei mpaka karibu na hapo. Dawa ni kusafirisha sampuli kabla ya mzigo. Chukua nafaka kwa bambo kutoka magunia ya kutosha, changanya, gawa mafungu 3 ya nusu kilo, funga kila fungu kwenye mfuko usiopitisha hewa, andika tarehe, uzito wa shehena na unyevu, wote wawili watie saini. Moja kwa muuzaji, moja kwa mnunuzi, la tatu kwa mtu wanayemwamini wote. Likitunzwa mpaka fedha ilipwe, ugomvi wa getini una pa kuamuliwa.

Vikundi vya kuuza pamoja ninaviunga mkono kwa moyo wote, ila vingi hufa kwa sababu ninayoweza kuitaja mapema: kuchanganya kabla ya kupima. Mmoja akileta gunia la asilimia 18, mzigo wa wote unakataliwa, na walioanika vizuri hawarudi tena. Kila gunia lipimwe mlangoni mbele ya mwenyewe, lipewe namba, liandikwe uzito na unyevu, na lililo bichi lirudi kuanikwa hata kama ni la mwenyekiti. Sababu ya pili ni malipo. Mtu mwenye ada ya shule ya kulipa kesho hawezi kungoja wiki sita. Atauza pembeni, na nisingemlaumu. Kikundi kisicho na fedha ya kulipa sehemu siku ya kupokea mzigo kisianze.

Stakabadhi ghalani, ambapo unaweka mzigo ghalani, unapewa hati yake na kukopa kwa hati hiyo ukisubiri bei ipande, zinafaa kwa anayepiga hesabu kwanza. Mkopo wa riba ya asilimia 2 kwa mwezi kwa miezi 5 ni asilimia 10, kabla ya ada ya ghala, dawa ya fukusi na uzito unaopungua. Bei isipopanda kuzidi jumla ya hayo, kusubiri ni hasara. Kuhusu vizuizi vya barabarani na ushuru unaotozwa mara mbili kwa mzigo mmoja: viondolewe.

Na ndiyo, wapo madalali wanaochezea mizani, wanaopanga bei pamoja usiku, wanaokopesha wakati wa njaa na kuchukua zao likiwa bado shambani kwa nusu ya thamani yake. Nalikubali hilo kwa shingo upande, kwa sababu najua litatumiwa kurudia kauli ileile. Lakini angalieni wanachotegemea: mizani ambayo hakuna mwingine wa kuihakiki, na mkulima asiye na mnunuzi wa pili.

Chicago, Marekani, walipita njia hii. Bodi ya Biashara ya pale, soko la wafanyabiashara wa nafaka, iliundwa mwaka 1848, na mwaka 1856 ikaanza kupanga ngano kwa madaraja, hata nafaka ya wakulima wengi ikaweza kumiminwa ghala moja na kuuzwa kwa karatasi. Gharama zilishuka sana. Lakini wenye maghala waliachiwa nguvu kubwa mno, malalamiko yakajaa, mpaka mwaka 1871 jimbo la Illinois likatunga sheria ya kuwadhibiti, na mwaka 1877 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikubali. Kupanga madaraja bila msimamizi wa nje hakukutosha hata huko.

Kwa hiyo mwenye bajeti ya kumwondoa dalali aipeleke hapa: mizani moja iliyohakikiwa na kipima unyevu kimoja katika kila gulio la nafaka, na mpimaji anayelipwa ada ileile kwa kila gunia, nusu kutoka kwa muuzaji na nusu kutoka kwa mnunuzi, awe amekubali mzigo au ameukataa. Karatasi ya matokeo itoke nakala mbili, yenye uzito halisi, makato ya gunia, unyevu, tarehe na saini. Na mawe ya mizani yenye mhuri yawekwe papo hapo, ili muuzaji yeyote ayapandishe mwenyewe kabla ya gunia lake.