Ndoa Isiyo na Shtaka

Mwanamke anapokwenda kwa wazee kulalamikia ndoa yake, maswali huwa ni yale yale: anakupiga, hakulishi, hakuvishi, halali nyumbani? Akijibu hapana kwa yote, huambiwa arudi kwake akamshukuru Mungu. Niliyakumbuka maswali hayo nilipoitazama kwa mara ya pili Thérèse Desqueyroux, filamu ya mwisho ya mwongozaji Mfaransa Claude Miller, kwa sababu ni hadithi ya mwanamke ambaye angejibu hapana kwa kila swali la namna hiyo, na ambaye hata hivyo alijaribu kumuua mumewe kwa sumu.

Miller alifariki Aprili 2012, na mwezi uliofuata filamu yake ikafunga Tamasha la Filamu la Cannes. Ameitoa katika riwaya ya François Mauriac iliyochapishwa mwaka 1927, na mahali pake ni Landes, kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika miaka ya 1920. Misonobari inayojaa katika kila picha haikuwekwa pale kwa ajili ya kupendeza macho. Baada ya sheria ya mwaka 1857 iliyoagiza ardhi hiyo ya majimaji ikaushwe na kupandwa miti, nchi iliyokuwa ya wachunga kondoo iligeuka kuwa msitu mmoja mkubwa, na waliomiliki msitu wakatajirika kwa utomvu na mbao. Thérèse na Bernard Desqueyroux wanaoana kwa kuwa misitu ya kwao inapakana. Hakuna anayelionea haya jambo hilo, na Thérèse mwenyewe, ambaye mapenzi ya ardhi yamo katika damu yake, hajifanyi kuwa ameozwa kwa nguvu.

Uzuri wa filamu, kwa maoni yangu, uko kwa Bernard. Gilles Lellouche angeweza kutuchezea mume katili tukamchukia na kupumua, lakini anatupa mtu wa kawaida kabisa: anapenda kuwinda njiwa wa mwituni, anakula vizuri, anahofia moyo wake, anaheshimu jina la ukoo kuliko kitu chochote. Hampigi mkewe. Kasoro yake ni kwamba hajapata kudhani hata siku moja kwamba ndani ya kichwa cha mke kunaweza kuwa na jambo ambalo familia haikulipanga. Mbele yake yuko Audrey Tautou, mwigizaji ambaye dunia ilimjua kwa tabasamu, na hapa uso wake umefungwa kama dirisha la nyumba iliyohamwa. Mtu pekee anayempenda Thérèse bila hesabu ni shangazi yake Clara, naye ni kiziwi. Huyo ni wa Mauriac, si wa Miller, lakini kila anapoonekana mezani nilijikuta nikimtazama yeye kuliko wote.

Siku moja moto unazuka msituni. Bernard, ambaye daktari amempa dawa ya matone yenye aseniki, ambayo ikizidi ni sumu, amechanganyikiwa na habari za moto na anasahau kwamba amekwisha kunywa kipimo chake, akanywa tena. Thérèse anamwona, na hasemi neno. Uhalifu wote unaanza hapo, katika kunyamaza, na kunyamaza huko hakuna tofauti na kule kulikotawala meza ya chakula tangu siku ya harusi. Kumtilia sumu kwa mkono wake mwenyewe kunakuja baadaye, pamoja na vyeti vya dawa vya kughushi. Wapo wanaolalamika kwamba filamu hii ni baridi, kwamba haitupi machozi wala ugomvi, lakini sioni namna nyingine ya kuipiga picha nyumba ambamo hakuna anayeinua sauti.

Mambo yanapofichuka, Bernard anamwokoa mkewe. Anatoa ushahidi wa uongo ili jina la ukoo lisichafuke, na kesi inafutwa. Kisha ukoo unaandaa hukumu yake wenyewe: Thérèse atafungiwa katika nyumba ya Argelouse, ataonekana kanisani kando ya mumewe ili watu wasiseme, na hatakuwa na haki ya kueleza chochote. Alirudi akiwa tayari kukiri, naye Bernard hataki kusikia. Thérèse anadhoofika kitandani kati ya sigara na shuka zilizoungua, hadi siku ambayo Anne, dada wa kambo wa Bernard, analeta mchumba wake, na familia inamhitaji Thérèse ashuke sebuleni kuthibitisha kwamba hapa hapana aibu. Nyumba njema si mlango, wasemavyo waungwana. Hawa wanaufungua mlango kidogo tu, mgeni anaona mifupa inayotembea, na Bernard mwenyewe anashtuka.

Mtazamaji wa leo atauliza kwa nini hawakuachana. Mbali na Ukatoliki wa familia hiyo, sheria ya talaka ya Ufaransa ya mwaka 1884 ilitaka kosa: uzinzi, ukatili, matusi makubwa, au hukumu ya jinai. Talaka kwa makubaliano ya pande mbili iliruhusiwa tena mwaka 1975. Thérèse hakuwa na la kumshtakia Bernard, naye Bernard, ambaye alikuwa nalo, alikuwa amekwisha kuiapia mahakama kwamba hakuna kosa lililotendeka.

Lawama yangu ni moja. Mauriac anaanza na Thérèse akitoka mahakamani, akisafiri usiku huku akipanga kichwani maneno ya kujieleza kwa mumewe, nasi tunayapima pamoja naye na kuona hayatoshi. Miller amenyoosha hadithi tangu utotoni hadi mwisho, jambo linaloifanya ifuatike kwa urahisi lakini linatunyima safari ile. Mauriac alijua alichokuwa akikitafuta: mwaka 1906, akiwa kijana wa miaka 20, alihudhuria huko Bordeaux kesi ya Madame Canaby, aliyeshtakiwa kwa kujaribu kumuua mumewe kwa sumu. Mume alimtetea, naye akaachiwa katika shtaka la sumu lakini akatiwa hatiani kwa vyeti vya dawa vya kughushi. Kwa nini alitenda, kama alitenda, mahakama haikupata kulijua.

Swali hilo ndilo Bernard anamuuliza mkewe mwishoni, wakiwa wameketi nje ya mkahawa mjini Paris, ambako amemruhusu akaishi peke yake. Thérèse anamjibu kwamba huenda alitaka kuona wasiwasi machoni mwake. Kwa muda mfupi wasiwasi huo unakaribia kuja, kisha unapotea. Katika riwaya, Bernard anaondoka, kisha anageuka na kurudi hatua chache. Ana neno moja alilolisahau, nalo ni kumkumbusha kwamba vinywaji vimekwisha kulipiwa.