Kumdhamini Mtu Kwenye Sacco Ni Kukopa

Fomu ya mkopo wa Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, huzungushwa ofisini saa ya chai kama kadi ya mchango wa harusi. "Nitilie sahihi hapo tu, ndugu yangu, nimebakisha mtu mmoja." Uongo uko kwenye hilo "tu". Hutii sahihi kuthibitisha kwamba mwenzako ana tabia njema. Unaahidi kulipa, na akiba yako ndiyo rehani. Sheria ya Mikataba ya Kenya, kifungu cha 3, hairuhusu kumshtaki mtu kwa deni alilomdhamini mwenzake bila maandishi yenye sahihi yake. Fomu ile ya saa ya chai ndiyo maandishi yenyewe.

Tupige hesabu. Sacco nyingi nchini Kenya hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo mwenye akiba ya shilingi 200,000 anaweza kupata 600,000. Chukua riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, muda miezi 36: atakatwa karibu 19,930 kila mwezi. Amelipa mwaka mzima, kisha kazi imekwisha. Wadhamini hudhani theluthi ya deni imekwenda, zimebaki 400,000. La. Katika makato ya mwezi wa kwanza 6,000 ilikuwa riba, na salio sasa ni kama 423,000. Sacco itachukua kwanza akiba yake, zibaki 223,000 za wadhamini. Wakiwa wanne, kila mmoja anabeba karibu 55,800. Mmoja wao akiwa hana kitu, watatu waliobaki wanaweza kujikuta na 74,400 kila mmoja.

Hilo la mwisho hutegemea maneno ya fomu. Ukiona "kwa pamoja na kila mmoja peke yake", jua unaweza kudaiwa hata sehemu ya mwenzako. Fomu yenye kiasi kilichoandikwa mbele ya jina lako ni afadhali, na hakuna ubaya kumwambia mtu, "Nitakudhamini 30,000, zaidi ya hapo sina." Ikiwa nafasi ya kiasi ipo, usiiache wazi ajazie mwingine.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Mdhamini hakualikwa harusini, lakini matangani ana kiti chake. Hata mkopaji akilipa vizuri kabisa, akiba yako imefungwa. Akiba ya Sacco kwa kawaida haitolewi mpaka ujiondoe uanachama, na mwenye dhamana inayoendelea haruhusiwi kuondoka hadi aachiliwe. Ukitaka mkopo wako mwenyewe, huenda ukaambiwa sehemu ya akiba yako tayari inamfanyia kazi mtu mwingine. Uliza mapema kama dhamana hupungua kadiri mkopo unavyolipwa, au hushikiliwa hadi shilingi ya mwisho. Sera za Sacco hutofautiana.

Halafu omba kuona hati ya mshahara ya mkopaji, na usione haya. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Aliyekwisha kufika hapo hana pa kupumulia. Tazama pia mkataba wa kazi: ukiwa wa miezi 24 na mkopo ni wa 36, ile miezi 12 ya mwisho ni yako. Bima ya mkopo, inapokuwepo, kwa kawaida hulipa akifa au akipata ulemavu wa kudumu. Kuachishwa kazi ni habari nyingine.

Kuna kosa moja ambalo si la mkopaji wala mdhamini: mwajiri anakata mshahara lakini hapeleki pesa Sacco. Mkopaji ana hakika amelipa, nawe unaletewa barua ya deni. Hapo hati zake za mshahara zenye makato ni silaha. Zinakiliwe na zipelekwe Sacco pamoja na barua, ili imbane mwajiri kabla ya kugusa akiba ya mtu.

Barua ya kusema "nimejitoa" haikutoi. Mkopaji alete mdhamini mwingine mwenye akiba ya kutosha, na kamati ya mikopo imkubali kwa maandishi. Akiongezewa mkopo juu ya ule wa zamani, dai fomu mpya. Usikubali sahihi ya mwaka juzi ibebe deni la leo. Na ukishalipa kwa niaba yake, haki ya kumdai imehamia kwako: weka risiti, mwandikie barua ya madai, na akikaidi unaweza kumshtaki akurudishie.

Lawama nyingine naziweka kwa Sacco zenyewe. Wadhamini wengi hupata habari wakati akiba yao imekwisha kukatwa, miezi kadhaa baada ya mkopaji kuacha kulipa, wakati ambapo wangeweza kumfuata angali na kiinua mgongo mkononi. Mfumo unaoweza kukutumia ujumbe saa nne usiku kukuomba udhamini unaweza pia kukutumia ujumbe siku makato yasipofika.