Bega lililoganda: mazoezi yapi, na wakati gani?

Mama mdogo wangu anauza mawese Ujiji. Mwaka jana alifika mahali hawezi kujifunga kilemba. Mkono wa kushoto ukifika usawa wa bega unagoma, na usiku akiulalia anaamka akilia. Mwanawe akasema bega la namna hii huachia lenyewe, nauli ya kufuata mazoezi hospitali ni hela ya kutupa. Jirani naye akaleta mchuaji, ambaye aliuvuta ule mkono mpaka mama akapiga ukelele. Siku mbili baadaye hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo, na kwake neno "mazoezi" likawa na maana moja tu: kuteswa.

Hoja ya mwanawe ina uzito. Bega lililoganda, yaani bega linalouma na kukakamaa hivi, lina kipindi cha maumivu, cha kukakamaa, kisha cha kulegea, na kwa kawaida huchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Wengi hupata nafuu kubwa bila kupasuliwa. Halafu mwambie mtu wa Uvinza, mbali huko, aje mjini mara mbili kwa wiki, uone kama atarudi wiki ya tatu. Sindano ya steroidi nayo, dawa ya kupunguza uvimbe wa ndani, katika wiki za mwanzo hutuliza maumivu kuliko mazoezi peke yake. Hilo silibishi. Ila kwa mwenye kisukari sindano hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa, na wenye kisukari ndio hasa wanaoandamwa na bega hili.

Wanaoyakataa mazoezi hupenda kutaja utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2004. Wagonjwa 77 waligawanywa makundi mawili: moja likafanyishwa mazoezi makali, la pili "likaachwa" chini ya uangalizi. Baada ya miezi 24, asilimia 89 ya walioachwa walikuwa na bega linalofanya kazi karibu kama kawaida, dhidi ya asilimia 63 ya waliokazaniwa. Ukiishia hapo utasema mazoezi yanadhuru. Lakini tuulize hao "walioachwa" walikuwa wakifanya nini. Walikuwa wakining'iniza mkono na kuubembeza, wakiunyoosha mpaka pale maumivu yanapoanza, basi. Walielezwa pia ugonjwa wao utakwendaje. Kwa mtaalamu yeyote wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, hayo ni mazoezi. Waliofanya vibaya ni wale waliovutwa na kusukumwa kupita maumivu, yaani kile kile mchuaji alichomfanyia mama mdogo. Asilimia 63 ile ni hukumu juu ya nguvu, na watu wetu wameibebesha tiba yote. Kila nikiisikia ikitajwa hivyo naumia, kwa sababu anayeisikia anakaa nyumbani na mkono kifuani kwa miezi.

Mwaka 2020 Uingereza ilitoa matokeo ya wagonjwa 503. Wengine walipewa fiziotherapia iliyopangwa, pamoja na sindano. Wengine walinyooshwa bega wakiwa wamelazwa usingizi. Wengine walipasuliwa kwa matundu madogo. Baada ya mwaka, hakuna tiba iliyozipita nyingine kwa tofauti ya maana kwa mgonjwa. Kunyooshwa usingizini kulionekana kuwa na thamani zaidi kwa fedha za kule, ni kweli, lakini kunataka chumba cha upasuaji na mtu wa nusukaputi. Mazoezi yanataka meza na mwiko.

Mwiko, ndiyo. Unainama, mkono mzima umeshika meza, ule mbovu unauacha uning'inie na kuyumba taratibu kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Kisha unashika mwiko kwa mikono yote miwili, viwiko vimebana mbavu, na mkono mzima unausukuma ule mgonjwa utoke nje kidogo kidogo. Mtaalamu akishakuonyesha, akahakikisha hujachanika msuli na sukari yako imepimwa, nauli ya kila wiki si lazima tena.

Na hilo la "huachia lenyewe" lina mipaka yake. Wagonjwa waliofuatiliwa Marekani, matokeo yakatoka mwaka 1992, nusu yao bado walikuwa na maumivu au kukakamaa kidogo baada ya wastani wa miaka saba.

Mama mdogo alikubali kuanza upya mwezi wa nne, mara hii bila kuvutwa. Kilemba anajifunga mwenyewe sasa. Kufikisha mkono mgongoni bado. Kamba ya aproni anafungiwa na binti yake.