Kidogo ni Kilo Ngapi?

Mimi ni mtu wa mizani. Mwaka wa kumi na moja huu nasimama kwenye ghala la nafaka hapa Dodoma: gunia linapanda, nasoma, naandika, gunia linashuka. Mahindi, mtama, uwele, alizeti, vyote vinapita kwangu na kila kimoja kinaondoka na namba yake. Mkulima akiniambia "hili ni kama kilo tisini hivi", sibishani naye, namwonyesha mizani kwa kidevu. Sasa mtu kama mimi, ukitaka kumuua bila silaha, mpe karatasi ya sokoni iliyoandikwa na mke wangu.

Ya Jumamosi iliyopita ilisomeka hivi: nyanya za kutosha, vitunguu viwili vitatu, mafuta ya alizeti kiasi, karanga za kuungia, magadi kidogo.

Nikasimama mlangoni nikaisoma mara mbili. Karatasi nzima ina namba mbili tu, na hizo zenyewe zinagombana.

"Mama watoto, vitunguu ni viwili au vitatu?"

"Viwili vitatu."

"Ndiyo, lakini vikiwa viwili..."

"Baba watoto, wewe lete vitunguu, jua linapanda."

Nikaleta vitatu, nikijua nimechagua upande wa usalama. Akavipokea, akachungulia ndani ya mfuko, akauliza vingine viko wapi. Kumbe alitaka kama sita. Miaka yote hii ya ndoa nilikuwa sijui kwamba viwili vitatu ni hesabu ya kuzidisha.

Lakini nimeruka, maana hapo sijasema yaliyonikuta sokoni Majengo. Pale kuna kitu kinaitwa fungu. Nyanya tatu chini, moja juu, kama vijana wa sarakasi. Fungu ni jero, yaani mia tano. Mwezi wa tano lilikuwa na nyanya sita, jero. Siku hiyo lilikuwa na nne, jero, na ile ya juu ilikuwa imewekwa upande wenye jeraha ukitazama chini. Nikamwambia mama muuzaji, mama, fungu limepungua. Akaniangalia kwa huruma ya kweli kabisa. "Halijapungua baba, bei ni ile ile." Na hakudanganya! Bei ndiyo iliyosimama, nyanya ndizo zinazotembea. Nilikaa na hilo jibu mpaka kwenye karanga, sikupata pa kulishika.

Halafu kuna sado. Lile kopo la plastiki lilianza maisha na rangi ya kupaka nyumba, leo ndilo linalopimia maharage ya jiji zima. Nina ugomvi na sado. Muuzaji akikuuzia, geuza macho uangalie kitako: wengine wamekipasha moto wakakisukuma ndani mpaka kopo limepata kitovu. Na vile anavyochota, kiganja kimelala ndani ya kopo kama mgonjwa, maharage yanajaa juu ya vidole vyake, wewe unaona mlima tu unafurahi. Umenunua sado ya maharage na mkono wa mtu, ila mkono anabaki nao.

Ukienda shamba mambo yanageuka juu chini. Huko mnunuzi ndiye anayekuja na gunia lake, anashindilia, anaruka juu yake, anashonea kofia ya neti, halafu anasema "gunia moja". Hiyo ndiyo lumbesa, serikali imeikataza na kusema gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini mimi ninayeyapokea ninaona magunia mengine yanashuka kwenye lori yana kilemba na kitambi. Kwa hiyo sado ya kuuzia ina kitako kilichobonyea na gunia la kununulia lina kichwa kilichovimba. Kuna mtu katikati anayeishi vizuri sana.

Nilisikia redioni kwamba huko Ufaransa, jirani na Paris, kilifungiwa kipande cha platini na iridi tangu mwaka 1889, na hicho ndicho kilikuwa kilo yenyewe, baba wa kilo zote duniani. Baada ya miaka wakakilinganisha na nakala zake, wakakuta zimepishana kwa kama mikrogramu 50. Punje ya sukari ni nzito kuliko hiyo! Wenzetu wakakosa usingizi. Vikao, hesabu, maprofesa, hatimaye tarehe 20 Mei 2019 kilo ikaanza kupimwa kwa fizikia na kipande cha watu kikastaafishwa. Mimi nilimwonea huruma yule mzee wa platini. Wangemleta hapa awe sado, angefanya kazi miaka mingine mia na hakuna ambaye angemuuliza.

Nikarudi nyumbani na bodaboda. Tukafika, namuuliza kijana kiasi gani. "Nipe tu hela ya soda, mzee." Soda dukani kwetu ni mia saba, najua, nimeinunua jana yake. Nikampa mia saba. Aliziangalia zile hela kiganjani, akaniangalia mimi, akaziangalia tena. Mpaka leo nikisimama kituoni ananipita kama hanioni.

Na wanaotuelekeza njia je? Mwaka 2018 Dodoma ilipopewa hadhi ya jiji, nami nikasema ninunue kiwanja kabla mambo hayajapanda. Dalali akaniambia anacho kizuri, ni kuvuka Mtumba kidogo, mbele ya mbuyu. Mbuyu! Ugogo hapa ukimwambia mtu mbele ya mbuyu ni sawa na kumwambia mvuvi wa Mwanza mbele ya maji. Tukaenda. Tukaivuka Mtumba, kwenye mji wa serikali, nikauliza, akasema "hapo tu". Lami ikaisha, nikauliza, akasema "hapo mbele kidogo". Tukapita ng'ombe, tukapita mto wa mchanga, nikauliza tena, akanyoosha mkono: "Si paleee."

Siku hiyo ndipo nilipoelewa. Sisi umbali hatupimi kwa kilomita, tunapima kwa irabu. "Pale" ni hatua ishirini, unaweza kwenda na kandambili. "Paleee" kavae viatu. "Kuuuleee", na sauti ikipanda na kidole kikienda juu kama kinaonyesha ndege, aga familia yako. Tatizo ni kwamba dalali anatamka "pale" fupi kwenye simu, irabu anakupa ukishafika. Sikununua. Nauli ya kurudi ilikuwa "utaongea vizuri tu, mzee".

Hata methali zetu hazinisaidii. Haba na haba hujaza kibaba. Sawa. Kibaba nakijua, ni robo ya pishi, kina ukubwa wake. Haba je? Haba ngapi? Mzee aliyetunga alipima chombo akaacha kupima kinachoingia. Ghalani angeandikiwa barua.

Tuje sasa kwa mama mkwe wangu.

Mama ni mtu mwema, na haya nayasema kwa sauti ya chini kwa sababu yuko chumba cha pili. Alitoka Mpwapwa kuja kutusalimia siku mbili tatu. Zabibu zilikuwa bado mbichi. Sasa wageni hawajui, Dodoma zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mama ameshuhudia mavuno yote mawili. Hata nikitumia kanuni ya vitunguu nikazidisha, napata siku sita. Juzi nilijikaza nikamuuliza, kwa heshima zote, kama nyumbani Mpwapwa hawajamkumbuka. Akasema, "Watakuwa wamenikumbuka, mwanangu. Wacha nipumzike kidogo."

Basi Jumapili hiyo mama alikuwa kanisani, mke wangu kaenda kwenye kikoba, amesema anarudi sasa hivi, na sasa hivi ya kikoba tunaifahamu. Watoto wana njaa. Nikasema mimi nimezaliwa na kukulia Ugogo huu, mlenda utanishindaje? Mlenda mkavu upo, karanga zimeshatwangwa, ugali nausonga tangu sijaota ndevu. Ila magadi. Nikapiga simu.

"Magadi naweka kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kijiko kimoja?"

"Kijiko! Unataka kufua? Kidogo tu baba watoto, utaona mwenyewe."

"Nitaona nini?"

"Utaona mlenda." Akakata, nasikia wanawake wanacheka nyuma.

Nikachukua nusu kijiko. Niliona ni busara, mtu akikukataza kijiko unampa nusu. Kwanza hakikutokea kitu, nikaongeza, ikawa yale yale, nikaongeza ya mwisho. Ndipo mlenda ukanijibu. Ulipanda kwa povu, ukafunika mdomo wa sufuria, ukashuka ubavuni, ukauzima mkaa upande mmoja, na rangi yake ikawa ya kijani ambayo mimi nimewahi kuiona kwenye mlango wa msikiti tu. Nikaonja. Mdomo wangu ulikuwa safi mpaka Jumatatu jioni.

Watoto walikula ugali na chumvi. Mke wangu aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe hakucheka, ana adabu zake. Alimega tonge, akachovya, akatafuna taratibu huku macho yametazama ukutani, akameza, akanywa maji, akanywa tena.

"Umejitahidi, mwanangu," akasema. "Ila magadi yamezidi kidogo."

Yamezidi kidogo! Yaani kidogo niliyoambiwa niweke haina kipimo, lakini kidogo iliyozidi inapimwa na ulimi mmoja tu, papo hapo. Usiku sikulala. Nilikuwa nageuka kitandani nikijiambia kwamba lazima kuna namba. Mahali fulani ndani ya vidole vya mama kuna namba.

Kesho yake nikaenda kwa jirani anayeoka keki nikamwazima mizani yake ndogo, ile ya kubonyeza. Jirani huyu naye tuna mambo yetu. Kila wiki anamtuma mtoto, "mama anasema umpe sukari kidogo", na mtoto amebeba bakuli la pilau. Unamwekea vijiko vitatu, haondoki. Hasemi kitu, anaangalia tu chini ya bakuli pale sukari ilipojikunyata peke yake, kisha anakuangalia wewe. Unaongeza. Kwa hiyo sikuona aibu kuazima. Nikamwambia narudisha mara moja.

Nikaiweka mezani, nikatandika karatasi, nikaisoma sifuri. "Mama, naomba uchote magadi kama ya mlenda wa sufuria ile."

Hakuniuliza kwa nini, nadhani alishaona kwamba binti yake ameolewa na mtu wa aina hii. Akaingiza vidole vitatu kwenye kopo, akadondosha. Gramu 3. Nikamwaga, nikasema mama rudia. Gramu 3. Nikamwambia hebu geuka kidogo uangalie nje halafu uchote. Akageuka, akawa anamfokea kuku aliyekuwa anakula mboga, huku mkono unachota nyuma yake. Gramu 3.

Nikajaribu mimi, miaka kumi na moja ya mizani. Mbili. Saba. Tano. Mashine ikinifanyia hivyo ghalani naita fundi.

Mama akasogea, akainama akaisoma ile taa ya namba. "Inasemaje?"

"Inasema tatu, mama. Mara zote tatu, tatu."

"Tatu nini?"

"Gramu."

"Sasa hiyo gramu tatu ndiyo kiasi gani?"

Nikafungua mdomo. Nikataka kumtajia elfu moja za kilo, nikataka kumtajia Ufaransa. Nikaangalia ile chembe nyeupe katikati ya karatasi.

"Ni... kidogo, mama."

"Si ndivyo tulivyokwambia," akasema, akaenda kumalizana na kuku wake.

Nikiwa bado nimesimama pale nikasikia hodi. Ni mtoto wa jirani.

"Shikamoo. Mama anasema mizani yake, ulisema mara moja."

"Marahaba. Haya, hii hapa."

Hakuipokea. Mikono yake yote miwili ilikuwa nyuma.

"Na anaomba sukari kidogo."

Akalitoa lile bakuli.